Shajara ya mradi: kutoka popoo nzima hadi unga wa kutia rangi vitambaa

Lengo

Tunatafuta unga wa popoo wa kutia rangi vitambaa, ambao rangi yake haiyumbi kutoka fungu moja hadi jingine. Rangi yenyewe ni hudhurungi yenye wekundu kwa mbali, na inatoka kwenye tanini, kemikali ya mimea yenye ladha ya ukakasi, iliyojaa ndani ya mbegu ya mpopoo, yaani Areca catechu. Hariri na sufu huipokea kwa urahisi. Pamba inahitaji kuandaliwa kwanza.

Wengi wanaoanza kazi hii hununua unga uliokwisha kusagwa, kisha wanashangaa kitambaa cha kwanza kutoka kahawia nzuri na cha pili kutoka kijivu cha matope. Mimi na mwenzangu wa karakana tuliamua tangu mwanzo kwamba tutasaga wenyewe. Popoo nzima utaigeuza mkononi, utaipasua, utainusa, utaona ukungu wake na matundu ya wadudu wake. Ikishasagwa, nzima na iliyooza huwa kitu kimoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shajara hii itahusu mambo yanayotangulia mashine.

Jambo jingine lazima lisemwe hapa juu kabisa: unga huu si wa kutafuna. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha tathmini iliyoweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kutafuna popoo pia ndiko chanzo kikuu cha ugonjwa unaokakamaza utando wa ndani wa kinywa mpaka mtu anashindwa kupanua mdomo. Kila mtungi utakaotoka hapa utakuwa na maandishi makubwa: RANGI YA VITAMBAA, USITIE KINYWANI. Sitaki mtu yeyote auchanganye na tambuu na chokaa kwa kudhani ni uraibu uliorahisishwa.

Kutafuta popoo

India ndiyo inayozalisha popoo nyingi kuliko nchi yoyote, hasa Karnataka, Kerala na Assam. Zinalimwa pia Bangladesh, Myanmar, Indonesia, Sri Lanka na Taiwan. Kwa anayetaka tanini, kujua nchi peke yake hakutoshi. Linalohitaji kuulizwa ni hili: ilichumwa ikiwa changa au imekomaa, na baada ya kuchumwa ilifanywa nini?

Sokoni kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni popoo zilizoachwa zikaiva mpaka ganda la nje likawa la manjano au rangi ya chungwa, kisha zikaanikwa juani na makumbi yake kwa takriban siku 40 kabla ya kumenywa. Wahindi huziita chali, na wafanyabiashara wengi huziita popoo nyeupe. Ya pili ni popoo zilizochumwa bado kijani, za miezi sita au saba, ambazo mbegu yake ni laini na kisu kinapita bila shida. Hizo humenywa, hukatwa au kuachwa nzima, huchemshwa na kukaushwa. Ndizo popoo nyekundu.

Kwa hesabu ya haraka, mtu angekimbilia popoo changa, kwa sababu tanini hupungua kadiri mbegu inavyokomaa. Nasi tulianza na wazo hilo. Lakini kule kuchemsha kunatoa sehemu ya tanini na kuiacha kwenye maji. Maji hayo hutumika tena kuchemshia mafungu mengine mpaka yanakuwa mazito kama sharubati. Huitwa chogaru, na popoo zilizokaushwa hupakwa chogaru hiyo zipate wekundu na mng'aro. Maana yake ni kwamba rangi unayoiona kwa nje haikuambii kilichobaki ndani. Popoo mbili zinazong'aa sawasawa zinaweza kuwa na tanini tofauti kabisa, kutegemea zilichemshwa muda gani na zilipakwa kiasi gani. Kwa fungu la kwanza tulichagua nyeupe iliyokomaa. Tanini yake ni kidogo zaidi, lakini haikuchemshwa wala kupakwa kitu, na kwa mtu anayetaka rangi isiyoyumba hilo lina thamani kuliko wingi.

Nyeupe nayo ina mtego wake. Zipo zinazofukizwa moshi wa kiberiti (salfa) ili zing'ae na zisipate ukungu. Moshi huo hung'arisha kwa kushambulia rangi ileile tunayoitafuta. Popoo yenye weupe wa chaki, gunia zima rangi moja bila hata doa, naiogopa. Mbegu iliyokauka juani huwa na rangi ya udongo mkavu, tena hazilingani. Ukipasua ya kiberiti na kuinusa papo hapo, harufu inachoma pua.

Wauzaji wa unga walikuwa wepesi sana kujibu, na bei zao ziliteremka kabla hatujaomba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mmoja alitaka kutuuzia katu akisisitiza ni popoo iliyokolezwa. Katu ni utomvu uliochemshwa kutoka kiini cha mti mwingine, Senegalia catechu, na ingawa nayo hutia rangi ya kahawia, kuichanganya na popoo kungeharibu vipimo vyetu vyote. Aliyepata biashara yetu ni yule aliyekubali kutuma sampuli nzima, akaeleza msimu wa mavuno bila kuulizwa mara ya pili, na akasema wazi kwamba mzigo una vipande vilivyovunjika.

Kwa anayeagiza kutoka nje: popoo ni mbegu, na mbegu nzima huhesabiwa mazao ya mimea. Uliza kuhusu cheti cha afya ya mimea na kibali kabla ya kulipa, maana zipo nchi zinazozuia popoo kuingia kabisa.

Kupokea na kuchambua

Gunia halikubaliwi kwa kuangalia juu. Tunachota kutoka juu, katikati, chini kabisa na pembeni, tunazichanganya zote, kisha tunazipasua moja moja. Uso wa popoo iliyopasuliwa ni mzuri mno kuutazama: weupe uliopitwa na mishipa ya kahawia inayojikunja kutoka ganda kuelekea kati, kama marumaru. Mishipa ikiwa wazi na weupe ukiwa mkavu na mgumu, mbegu ni njema. Kati ikiwa na shimo lenye vumbi la kijani au kijivu, au weupe ukiwa umegeuka mweusi wa kuvundika, hiyo haipiti.

Hapa hatuhurumii kitu. Kuvu aina ya Aspergillus flavus hupenda popoo iliyokaushwa nusunusu, na sumu yake, aflatoksini, haiondoki kwa joto la kukaushia wala kwa kuchemsha nguo. Ni kweli unga wetu hauliwi. Lakini anayesaga huvuta vumbi, na vumbi la ukungu ni baya kwa mapafu hata kabla hujafika kwenye suala la sumu. Gunia moja lilikuwa safi kabisa juu, na chini, mahali lilipogusa sakafu yenye unyevu, popoo zilikuwa zimeshikana kwa ukungu. Hatukuchambua kuokoa nusu ya juu. Tulilirudisha lote.

Matundu madogo ya duara ni kazi ya fukusi, hasa Araecerus fasciculatus, mdudu yuleyule anayesumbua kahawa ghalani. Popoo zenye matundu tunazitoa. Zilizobaki tunazifunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa na kuzigandisha kwa wiki nzima, ili mayai yasiyoonekana yafe. Mfuko ukitoka kwenye friza haufunguliwi mpaka urudi kwenye joto la chumba. Ukiufungua ukiwa baridi, mvuke wa hewani unaganda juu ya popoo na umezirudishia maji uliyohangaika kuyatoa.

Maji ndani ya mbegu

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda wetu mwingi, na sijutii hata saa moja yake.

Popoo nzima inaweza kusikika kavu ukiigonga mezani, huku kati ikiwa bado na maji. Ganda la nje la mbegu hukauka kwanza na kuwa gumu, halafu linageuka kizuizi kwa unyevu ulio ndani. Ndiyo maana kuanika kwa wakulima huchukua wiki nyingi, na ndiyo maana anayetaka kusaga hawezi kutegemea mlio wala uzito wa mkononi.

Tunapima hivi. Popoo chache zinavunjwa vipande vidogo, zinapimwa gramu 100, zinaingizwa kwenye oveni ya nyuzijoto 105. Zinatolewa, zinapoa ndani ya chombo kilichofungwa, zinapimwa, zinarudishwa. Uzito ukikoma kushuka, hesabu imekamilika: zikibaki gramu 86, popoo zilikuwa na maji asilimia 14. Vipande hivyo vya kipimo vinatupwa, kwa sababu joto hilo hukoleza na kuharibu tanini, na havifai kuchanganywa na mzigo.

Mzigo wenyewe unapasuliwa vipande vinne au zaidi, unatandazwa safu moja kwenye trei, unakaushwa kwa nyuzijoto 50 hadi 55, feni ikizungusha hewa. Kushinda hapo vipande huanza kubadilika rangi kingoni. Shabaha yetu ni maji chini ya asilimia 8. Kwa kiwango hicho kipande kikipigwa na nyundo kinavunjika kwa mlio mkali na kutoa ncha kali. Chenye maji zaidi kinabonyea kabla ya kupasuka, na alama ya nyundo inabaki usoni.

Nilidhani jua lingetosha kwa hatua hii ya pili. Linatosha pale hewa ilipo kavu. Hewa ikiwa nzito, vipande vinakauka mchana na kunywa unyevu usiku, na kila mzunguko unawapa kuvu nafasi nyingine. Kikausio chenye feni kimetutoa kwenye utumwa wa kutazama mawingu.

Kuvunja

Popoo kavu ni ngumu kuliko karibu kila kitu kinachosagwa jikoni, na ikirushwa nzima kwenye mashine ya viungo inapasua kikombe au inakunja kisu. Mkasi wa kukatia popoo, ule wenye ubavu mmoja mzito, unafaa kwa kupasua nusu na kukagua. Kwa wingi tunatumia kinu cha chuma cha pua na mchi mzito, kitambaa kikifunika mdomo wa kinu ili vipande visiruke machoni. Tunapiga mpaka viwe ukubwa wa mtama, si zaidi.

Chuma cha pua hakichaguliwi kwa ajili ya urembo. Tanini ikikutana na chuma cha kawaida penye unyevu hutoa weusi papo hapo. Angalia kisu cha zamani kilichokata popoo mbichi kinavyobakia na madoa meusi. Chembe kidogo za chuma zilizobaki ndani ya unga zitalala kimya mpaka siku ya kuchemsha, ndipo kahawia yote inazama kwenye kijivu. Baada ya kuvunja tunapitisha sumaku juu ya vipande, na tunairudia baada ya kusaga.

Kusaga

Tatizo hapa ni mafuta. Popoo iliyokomaa ina mafuta ya kutosha, takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na mengi huyeyuka kwa joto la chini. Mashine ikizunguka mfululizo, kikombe kinapata moto, mafuta yanalegea, unga unajibandika kwenye kuta kama ukoko na visu vinaanza kuzunguka ndani ya shimo tupu. Wengi wakifika hapo hulaumu unyevu, wanarudisha unga kukausha, na tatizo linabaki palepale.

Tiba yake ni subira na baridi. Tunasaga kwa mipigo mifupi, sekunde chache kwa mara, kisha mashine inapumzishwa mpaka kikombe kiwe baridi mkononi. Vipande vikigandishwa kabla ya kusagwa vinavunjika vizuri zaidi, lakini hapo ile kanuni ya mvuke inarudi, kwa hiyo kiasi kinachotolewa kwenye friza ni kile tu kinachomalizika mara moja, na unga wake unapitishwa tena kwenye kikausio kabla ya kufungwa. Kwa mzigo mdogo ninapendelea mipigo mifupi bila kugandisha. Hatua moja imepungua, na nafasi moja ya kuingiza maji nayo imepungua.

Barakoa ya vumbi, miwani na glavu ni lazima, na madirisha yawe wazi. Popoo ina arekolini, kemikali inayofanya kazi kama asetilikolini, ile ambayo neva za mwili hutumia kupeleka ujumbe: mate yanazidi, jasho linatoka, mboni za macho zinasinyaa, moyo unaweza kupunguza kasi. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba madaktari wa mifugo walikuwa wakiitumia kuwatoa mbwa minyoo ya tegu. Wanyama wa nyumbani na watoto hawaingii chumba cha kusagia, hata mashine ikiwa imezimwa.

Kuchekecha

Chekecheo letu lina matundu ya mikroni 250. Unga laini zaidi ya hapo hutoa rangi haraka, lakini unageuka tope lisilochujika, na chembe zinazopenya kitambaa cha kuchujia huacha nukta nyeusi kwenye nguo. Mbaya zaidi zikiwa hariri.

Chenga zinazobaki juu hazitupwi. Mishipa ya kahawia na nyama nyeupe ya mbegu havina tanini sawa, wala havivunjiki sawa. Ukichukua kilichopita peke yake na kuacha kilichobaki, unga wako hauwakilishi tena popoo uliyoisaga, na kesho mashine ikisaga tofauti kidogo rangi itahama bila sababu unayoweza kuiona. Chenga zinarudi kwenye mashine mpaka zote zipite, kisha fungu lote linachanganywa upya kwenye beseni pana.

Jaribio la rangi

Kila fungu linapimwa kwa kipimo kilekile: gramu 5 za unga, mililita 200 za maji ya mvua, saa moja kwenye joto lililo chini kidogo ya kuchemka, chombo cha kioo. Maji ya mvua kwa sababu maji ya kisima huja na chokaa na chuma chake, na hapo unakuwa unapima kisima. Mchuzi unachujwa na kugawanywa, na vinaingizwa vipande vya pamba vilivyofuliwa kwa magadi na kukaa kwenye shabu ya asilimia 15 ya uzito wa kitambaa.

Fungu la kwanza limetoa hudhurungi ya joto, wekundu wake ukionekana zaidi kitambaa kinapokauka. Kipande kilichopitishwa kwenye maji ya magadi kilisogea wazi kuelekea nyekundu, jambo lililotarajiwa: tanini ya popoo hukolea na kuwa nyekundu penye alkali, na ndiyo sababu chokaa hufanya mate ya mtafunaji kuwa mekundu. Kipande kilichopitishwa kwenye maji ya salfeti ya chuma kilitoka kijivu chenye ukijani, si weusi wa buluu. Hiyo ni alama ya tanini ya jamii ya katekini, tofauti na ile ya makokwa ya mwaloni. Ukitaka weusi wa wino, popoo si malighafi yako.

Nimefurahishwa zaidi na jambo lisiloonekana kwenye picha: vipande kutoka unga wa juu ya beseni na wa chini vimelingana, na hatukuweza kuvitofautisha mchana wala chini ya taa.

Kuhifadhi, na kinachofuata

Unga hunywa unyevu haraka kuliko mbegu, na mwanga na hewa huukoleza rangi. Kwa hiyo tunasaga kile tu kitakachotumika ndani ya msimu mmoja. Popoo zilizobaki zinakaa nzima, kavu, kwenye mapipa yaliyofungwa. Mitungi ya unga ni ya kioo cheusi, na kila lebo ina msimu wa mavuno, kiwango cha maji kabla ya kusaga, tundu la chekecheo, kipande kidogo cha kitambaa cha jaribio kilichobandikwa, na lile onyo la kinywa. Makapi ya kuchujia yanaenda kwenye mboji, mbali na banda la kuku.

Kinachofuata ni popoo changa. Tumempata mkulima aliye tayari kutuuzia mbegu za kijani zilizomenywa bila kuchemshwa, tuzikaushe wenyewe. Hapo tutaweza kulinganisha changa na iliyokomaa bila chogaru kuingilia kati. Kazi itakuwa ngumu upande wa kukausha, maana mbegu changa ina maji mengi na huvunda upesi, kwa hiyo zitakatwa vipande vyembamba siku ileile zinapofika. Trei za ziada zimeshanunuliwa. Kikausio kitajaribiwa kwanza kwa mzigo mdogo, na vipimo vya unyevu vitaandikwa hapa kabla ya picha zozote za vitambaa.